NAFASI CHACHE, WATOTO WENGI

(Hotuba iliyosomwa na karani mwanachama mbele ya mkutano wa tawi letu, Mwanza, na kupigwa chapa kwa ombi la wanachama)



Mimi si mwalimu, wala si mtu mwenye cheo kikubwa. Ni karani kama wengi wenu, na kazi yangu ni kuandika, kuhesabu, na kutunza majalada. Lakini Bwana Katibu aliponiomba niseme maneno machache juu ya jambo lo lote linalowahusu watumishi wa Serikali, sikusita kuchagua. Nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu hulizungumza nyumbani kwake ifikapo mwisho wa mwaka, yaani nafasi za shule. Watoto ni wengi, nafasi ni chache. Nani apewe, nani akose, na kwa kanuni gani?

Ninayo na sababu ya pili. Katika mwezi wa kwanza wa mwaka huu walifika mezani pangu watu saba, kila mmoja na kimemo chake mkononi, wakitaka nisaidie mtoto wao aingizwe katika shule ambayo hakupangiwa. Katika hao saba, wanne ni wanachama wa chama hiki. Sitawataja. Wao wanajijua, nami nawapenda, na baadhi yao naona wamekaa hapa mbele. Maneno yangu ya leo ndiyo majibu yangu kwao, na kwa nafsi yangu pia, kama mtakavyosikia.

Kwanza tuelewane juu ya neno hili "nafasi". Nafasi ya shule si jina lililoandikwa katika karatasi. Nafasi ni dawati, ni mwalimu wa kufundisha mbele ya dawati hilo, ni kitabu, ni choo, na kwa mtoto wa mbali ni kitanda na sahani ya ugali jioni. Kimoja kikikosekana, nafasi imepungua, ingawa hesabu ya afisini haikupungua. Wenzetu wanaofanya kazi Ukerewe wanalijua jambo hili kuliko mimi. Mtoto wa kisiwa kidogo akipangiwa shule iliyo ng'ambo ya maji, ana jina lakini hana nafasi, mpaka upatikane mtumbwi wa kumvusha au mahali pa kulala. Ndivyo ilivyo hata kwa binti wa Kwimba au Sengerema ambaye shule yake iko mbali na kwao, akapangishiwa chumba karibu na soko, akakaa peke yake pasipo mama wala shangazi. Huyo naye katika hesabu zetu amepata nafasi.

Sasa tutazame jinsi nchi yetu ilivyogawa nafasi hizi tangu zamani, maana asiyejua njia aliyopita hajui alipofika.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kuzaliwa. Shule ya Serikali ya Tabora ilipofunguliwa mwaka wa 1925, ilikusudiwa kwa wana wa watemi na wa machifu, ili wajifunze kutawala chini ya Waingereza. Mlango wake ulifunguliwa kwa jina la baba. Hapa kwetu kando ya Ziwa tunao mfano unaojulikana na wote. Julius Nyerere, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, naye alikuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili. Mwaka wa 1937 akaenda Tabora. Akili zake hazina ubishi, na mtihani aliufaulu kwa nguvu zake mwenyewe. Walakini najiuliza mara nyingi: katika mwaka huo wa 1934, katika vijiji vyote vya mwambao huu wa Ziwa, walikuwapo watoto wangapi wenye akili waliokuwa wakichunga ng'ombe na kutega samaki, ambao hakuna mtu aliyewauliza swali hata moja? Hatutajua kamwe. Hasara ya namna hii haiandikwi katika daftari lo lote.

Kanuni ya pili ni mtihani. Mtihani una sifa moja kubwa, nao ni kwamba haujui baba yako ni nani. Kwa hiyo watu waliuheshimu, na mimi nauheshimu. Lakini nafasi zikiwa chache mno, mtihani huacha kuwa kipimo cha elimu, ukawa kisu cha kukatia. Mwaka wa 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba katika watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio watakaopata nafasi ya sekondari. Waliobaki ni 87. Alisikitika kuona kwamba hao 87 hutoka shuleni wakijiona wameshindwa, hali hawakufanya kosa lo lote. Basi tafakarini: yule wa 13 na yule wa 14, tofauti yao ilikuwa nini? Labda ni alama moja ya hesabu. Labda ni homa ya asubuhi ile.

Tena mtihani haumpimi mtoto peke yake. Hupima na shule yake. Mtoto wa mjini Mwanza aliyefundishwa na walimu kumi, akasoma usiku kwa taa ya umeme, akapata alama 70, na mtoto wa Ukara aliyefundishwa na walimu wawili, akapata alama 65, nani kati yao ana akili zaidi? Mimi sijui, wala mtihani haujui. Hujua tu nani amepata 70.

Kwa sababu hiyo ikaja kanuni ya tatu, mgawo wa mikoa. Katika miaka ya 1970 Serikali iliona kwamba zile sehemu zilizopata misheni na shule mapema, kama Kilimanjaro na Bukoba, zikishindana na sehemu nyingine kwa alama tupu, zitachukua nafasi nyingi kupita hesabu ya watoto wao. Basi nafasi za kidato cha kwanza zikagawiwa mikoa, na watoto wakashindana ndani ya mkoa wao. Kadhalika wasichana walichaguliwa kwa alama za chini kidogo kuliko za wavulana, maana ilijulikana kwamba binti hufika darasani akiwa amekwisha kuteka maji, kufagia ua, na kumbeba mdogo wake. Wako walionung'unika. Mzazi wa Moshi alisema, "Mwanangu ana alama nyingi kuliko huyu wa mkoa mwingine, naye ameachwa." Manung'uniko yake yalikuwa na ukweli. Lakini mzazi wa huku naye alikuwa na ukweli wake. Ndugu zangu, hapo ndipo tujifunze kwamba kanuni za haki zaweza kupingana zenyewe kwa zenyewe, na mtu anayetafuta kanuni isiyomwumiza mtu ye yote atachoka bure.

Kanuni ya nne ni fedha. Azimio la Musoma la mwezi wa Novemba mwaka wa 1974 liliamuru kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi kabla ya kwisha mwaka wa 1977. Likawa jambo jema, na madarasa yakajaa. Lakini sekondari za Serikali hazikuongezeka kwa mwendo huo. Mto ukapanuka, daraja likabaki lile lile jembamba. Watoto wakarundikana ng'ambo ya huku. Ndipo wazazi wenye ng'ombe au mshahara walipotafuta shule za misheni, za Jumuiya ya Wazazi, na za watu binafsi. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na misheni, kwa hiyo siwezi kuzitukana shule hizo. Nasema tu kwamba mwenye fedha hangoji mstari, na asiye nazo huusimamia mpaka miguu inavimba.

Kanuni ya tano si kanuni ya kugawa, bali ni ya kuongeza. Kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka wa 2004, na kwa amri ya kujenga sekondari katika kila kata iliyoshika kasi tangu mwaka wa 2006, nchi ilijenga shule nyingi kuliko wakati wo wote uliotangulia. Wengi wetu tulichangia matofali na mchanga, na wengi tulicheka shule zile zilipofunguliwa na walimu wawili. Walakini shule ya kata yenye walimu wawili ilikuwa mlango, na ukuta hauna mlango. Kisha mwezi wa Januari mwaka wa 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Watoto wakaja kama dagaa kwenye taa.

Sasa sikilizeni hesabu moja, maana sisi makarani twapenda hesabu. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka wa 2019, watoto 759,737 walifaulu. Katika uchaguzi wa kwanza walipangiwa shule watoto 701,038. Waliobaki ni 58,699. Hao hawakushindwa mtihani. Walifaulu kama wenzao, lakini vyumba vya madarasa vilikuwa havikutosha. Wakaambiwa wangoje vyumba vikamilike. Anayengoja nyumbani mwezi wa Januari na Februari si sawa na aliyeko darasani. Mvulana hupewa kasia, msichana huposwa, na chumba kinapokamilika mwenye nafasi hayuko tena.

Mwaka wa 2021 Serikali ilitumia fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikajenga vyumba 15,000, na 12,000 kati yake vilikuwa vya sekondari. Matokeo yake mwezi wa Januari mwaka wa 2022 watoto wote waliofaulu, zaidi ya laki tisa, walipangiwa kidato cha kwanza kwa mara moja, pasipo uchaguzi wa pili. Hapo twaona jambo ambalo sitaki mtu alisahau: dawa ya kweli ya nafasi chache ni nafasi nyingi. Hakuna kanuni ya kugawa inayoshinda tofali.

Je, basi shida imekwisha? La. Uchache haukufa, ulihama. Zamani ulikaa katika mlango wa sekondari. Sasa umehamia ndani ya nyumba. Kila aliyefaulu aweza kupata shule ya kata, lakini si kila mtu aweza kupata shule ya bweni, wala shule yenye mwalimu wa fizikia, wala zile za vipaji maalumu kama Tabora, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Baadaye uchache huo humngoja tena katika mlango wa kidato cha tano. Huko mtoto huchaguliwa kwa alama na kwa tahasusi, na fomu yake ya machaguo aweza kuibadilisha kwa njia ya mtandao kwa siku zilizowekwa. Mtoto wa karani huambiwa na baba yake siku ile ile mlango unapofunguliwa. Mtoto wa mvuvi wa Ukara husikia siku ya pili baada ya kufungwa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Nami sasa nafika mahali pagumu pa hotuba yangu. Naomba mnivumilie.

Nilimaliza darasa la saba mwaka wa 2004. Jina langu halikutoka katika uchaguzi wa Serikali. Nikafanya mtihani wa kuingia katika shule moja ya misheni, ambayo sitaitaja. Tulikuwa wengi. Karibu nami alikaa mvulana mmoja kutoka kisiwa cha Kome, mwenye shati lililoshonwa begani kwa uzi mweupe. Orodha ilipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa juu ya mstari, na langu lilikuwa la tatu chini ya mstari. Nilirudi nyumbani nikalia. Lakini mwezi wa Januari nikaitwa. Nilipofika shuleni sikumwona yule mvulana. Nikasikia kwamba alifika na sanduku lake, akaambiwa orodha imerekebishwa na nafasi zimejaa, akarudi kwao kwa mtumbwi uliomleta. Mimi nilikuwa mtoto, sikuuliza. Nilifurahi, nikala, nikasoma.

Miaka ilipita. Siku nilipopokea mshahara wangu wa kwanza nilimpelekea mjomba wangu zawadi, naye kwa furaha akanieleza jinsi alivyonipatia shule. Alikuwa karani kama mimi, na alikuwa na rafiki katika mahali palipotunzwa orodha. Walikutana jioni, wakazungumza, na kalamu ikafanya kazi. Mjomba hakuona aibu. Alijiona amefanya wajibu wake kwa mtoto wa dada yake. Mimi nilimshukuru, maana ni mjomba wangu, na kama si yeye nisingekuwa hapa. Lakini chakula cha usiku ule hakikunishuka.

Mwaka uliopita nilikwenda mwalo wa Kirumba kununua dagaa, nikamkuta mtu akipakua magunia. Alinitambua yeye kwanza. Alikuwa ni yule wa Kome. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Akasema, "Ndugu yangu, nasikia wewe uko afisini. Kijana wangu atamaliza shule ya msingi mwaka wa 2027. Nieleze tu kanuni ni ipi, nisije nikangoja bure kama mwaka ule." Ndugu wanachama, hakuniomba kimemo. Hakuniomba nimwingize mtoto wake. Aliniomba kanuni. Siku ile nilimjibu kama karani, nikaondoka. Baada ya wiki mbili nilirudi, nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, akifunga gunia. Kisha akasema, "Basi kijana wangu asifanyiwe hivyo." Hakusema zaidi ya hilo, wala mimi sikuwa na la kuongeza.

Nimewaeleza haya si kwa kujisifu kwa toba. Nimewaeleza ili mwone kwamba kimemo si jambo dogo. Tukiandika jina la mmoja kwa upendeleo, twamfuta mwingine, ingawa hatumwoni. Mwenye kuomba yuko mbele yetu, ana uso, ana salamu, ni ndugu. Anayefutwa hana uso. Yuko ng'ambo ya maji, na hajui hata kwamba kuna meza ambayo angepaswa kuwa mbele yake.

Siku hizi jambo hili hufanyika zaidi katika uhamisho kuliko katika uchaguzi wenyewe. Kompyuta hupanga majina vizuri. Mtoto hupangiwa kata yake. Kisha huanza barua: mtoto ana pumu, mtoto anaishi na bibi yake mjini, mtoto hapatani na chakula. Baadhi ya sababu hizo ni za kweli, na wanaostahili lazima wahamishwe. Lakini nyingi zina harufu ya lile neno la zamani, mkono mtupu haulambwi. Vivyo hivyo nafasi za watoto ambao hawakuripoti mwezi wa Januari. Nafasi hizo yafaa zishuke kwa mtoto anayefuata katika orodha, naye mara nyingi hata hajui kwamba ziko, na zikamwangukia yule aliye karibu na afisi.

Msidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Katika mji wa Boston, Marekani, wazazi huandika orodha ya shule wanazozitaka kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zamani kila shule ilijazwa kwanza na wale walioiweka namba moja. Kwa hiyo mtoto aliyekosa chaguo lake la kwanza alikuta chaguo la pili limekwisha kujaa. Wazazi wajanja waliojua siri hiyo waliandika kwa hila. Wasiojua waliandika ukweli wa mioyo yao, wakaachwa. Mwaka wa 2005 mji ukaibadili kanuni. Tangu hapo nafasi zilishikwa kwa muda tu mpaka orodha zote zimetazamwa, hata mzazi asipate hasara kwa kuandika ukweli, na watoto waliolingana wakatenganishwa kwa kura. Msingi wa kanuni hiyo ulifikiriwa na wanahesabu wawili, Gale na Shapley, mwaka wa 1962, na mwaka wa 2012 Shapley, pamoja na Roth aliyewasaidia watu wa Boston, wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Nimeutaja mji huo kwa ajili ya fundisho moja tu: kanuni njema ni ile ambayo mtu mnyofu asiyejua siri yo yote hapati hasara kwa unyofu wake. Tuzipime kanuni zetu na desturi zetu kwa kipimo hicho.

Tena yatupasa kufanya haraka. Kwa utaratibu mpya wa elimu, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka wa 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na mwezi wa Januari mwaka wa 2028 madarasa mawili yatabisha hodi katika mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Kijana wa yule rafiki yangu wa Kome atakuwamo. Na mkoa wetu wa Mwanza si mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 tulikuwa watu 3,699,872. Tusipojiandaa, vimemo vya mwaka huo vitajaza gunia.

Basi naleta mbele ya mkutano huu mashauri matano, yajadiliwe.

La kwanza, kanuni za kuchagua na za kuhamisha zibandikwe wazi, si katika ubao wa afisi ya wilaya tu, bali katika afisi za kata, makanisani, misikitini, na mialoni. Tena zisomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji, na zifafanuliwe kwa Kisukuma na kwa Kikerewe kwa ajili ya wazee. Kanuni iliyofichwa ni mali ya aliyeificha.

La pili, kila karani aletewaye kimemo akiandike katika daftari la barua zilizopokelewa: tarehe, jina la mwandishi, jina la mtoto, na shauri linaloombwa. Hatuna haja ya kugombana na wakubwa, wala kuwavunjia heshima ndugu. Tuseme tu, "Nimepokea, bwana, nami nimeandika." Daftari ndiyo silaha ya karani. Barua ya haki haiogopi daftari, na ile nyingine haitarudi mara ya pili.

La tatu, maombi ya uhamisho yapewe namba kwa mfuatano wa kufika, na sababu ya kukubaliwa au kukataliwa iandikwe katika jalada kwa maneno ambayo mtu mwingine aweza kuyasoma.

La nne, nafasi zinazobaki wazi baada ya Januari zijazwe kwa kufuata orodha, na anayefuata aitwe hata kama ni wa kisiwani na simu yake haipatikani. Atumwe mtu. Mtumbwi uliomrudisha mtoto nyumbani unaweza kumleta pia.

La tano, chama chetu kichague wanachama katika kila wilaya watakaokwenda shuleni wakati wa kujaza fomu, wawasaidie watoto wasio na makarani katika ukoo wao. Na kabla ya mwaka wa 2028, kila tawi lishirikiane na kata yake katika kujenga chumba kimoja au bweni moja. Tumezoea kusema kwamba hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli. Lakini Serikali ina mikono, na mikono yake ndiyo sisi.

Najua jibu nitakalopewa huko nje, wakati wa chai. Nitaambiwa damu ni nzito kuliko maji. Nami sikatai. Mpende mpwa wako. Mnunulie vitabu, mkalishe mezani jioni umfundishe hesabu, umlipie nauli, umpe chumba nyumbani kwako. Msaada huo haumnyang'anyi mtu. Lakini nafasi iliyo katika orodha si mali yako wala yangu, hata tuweze kuitoa zawadi.

Wazee wetu walipounda chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka wa 1922, pamoja na Martin Kayamba, walikuwa watu wachache waliobahatika kupata shule wakati nafasi zilipokuwa haba kuliko leo. Walijua thamani ya kalamu, na kwa nini walipewa wao. Sisi nasi kila mmoja wetu aliye katika chumba hiki alipewa nafasi ambayo mwingine aliikosa. Wengine walipewa kwa haki. Mmoja, kama mlivyosikia, hakupewa kwa haki. Deni hilo siwezi kumlipa yule niliyechukua mahali pake. Naweza kulilipa kwa mtoto wake, na kwa watoto wengine nisiowajua, kila siku nikikaa mezani pangu na kuifungua ile orodha.

Bwana Mwenyekiti, maneno yangu yamekwisha. Wale saba walioniletea vimemo, nimeviandika vyote katika daftari. Waje kuniona kazini, tutazame pamoja kanuni inasemaje.